Geti Kwanza, Ramani Baadaye: Kusanifu Programu ya Kutembeza Mbwa Arusha

Mwombe fundi yeyote wa programu za simu akuchoree programu inayowakutanisha wenye mbwa na watembezaji, ataanza na ramani. Nukta ya bluu inatembea barabarani, nyuma yake kuna mstari, pembeni picha ya mbwa. Ramani ina kazi yake na tutaifikia, ila Arusha kazi ngumu iko getini.

Rover, programu ya aina hiyo iliyoanzia Seattle, Marekani, mwaka 2011, na Wag iliyofuata mwaka 2015, zilisanifiwa kwa miji ambayo mwenye mbwa anaweza kwenda kazini akaacha ufunguo kwenye kisanduku cha namba, mtembezaji akaja akafungua mwenyewe. Njiro, Ilboru, Sakina au Usa River hakuna anayejifungulia. Kuna ukuta, kuna geti, na ndani yuko mlinzi au dada wa kazi. Huyo ndiye anayemtoa mbwa bandani, ndiye anayejua kama asubuhi alitapika, na ndiye atakayeulizwa mbwa akipotea. Mara nyingi hana simu janja, ana kitochi. Programu ya watu wawili, mwenye mbwa na mtembezaji, imemsahau mtu wa tatu ambaye bila yeye hakuna matembezi. Usanifu uanze na yeye.

Makabidhiano

Kila ombi la matembezi liwe na namba mbili za makabidhiano, kila moja ya tarakimu nne: ya kumchukua mbwa na ya kumrudisha. Namba hizo ziende kwa meseji ya kawaida kwenye simu ya mlinzi. Mtembezaji akifika, mlinzi anamtajia namba, mtembezaji anaiandika kwenye programu yake, na muda unaanza kuhesabiwa. Mwelekeo huu usigeuzwe. Ukimpa mtembezaji namba ili aitaje getini, mlinzi atahitaji programu ya kuihakiki, naye hana. Atamfungulia yeyote atakayetaja tarakimu nne bila kusita.

Namba ya kurudisha isitumwe pamoja na ya kwanza. Mlinzi mwenye namba zote mbili tangu mchana atazitaja zote kwa mkupuo ili asisumbuliwe tena, na seva itaandika kwamba mbwa amerudi wakati bado yuko barabarani. Itumwe pale tu simu ya mtembezaji inapokuwa ndani ya mita 60 kutoka getini na muda uliolipiwa unakaribia kwisha, au anapobonyeza kitufe cha kurudi mapema. Meseji yake iseme wazi kwamba namba inatolewa mbwa akishaingia na mlango mdogo wa geti ukishafungwa.

Meseji nayo ina vipimo vyake. Moja hubeba herufi 160, na herufi zote za Kiswahili zimo kwenye seti ya kawaida ya meseji. Ukiweka kikatuni kimoja tu cha mbwa, au zile alama za kunukuu zilizopinda ambazo kompyuta huziweka yenyewe, meseji nzima inahamia mfumo mwingine na nafasi inashuka hadi herufi 70. Unalipia meseji mbili badala ya moja, kila siku, kwa kila mbwa. Maneno haya yanatosha na hayafiki herufi 130: "Mbwa SIMBA anachukuliwa saa 11 jioni (17:00) na mtembezaji wa fulana ya kijani. Akifika mpe namba 4471. Akija mwingine usifungue."

Mtandao ukikatika getini, programu iipokee namba bila kuihukumu. Iiandike pamoja na saa na mahali kwenye kanzidata ndogo iliyo ndani ya simu, kisha iipeleke seva mtandao ukirudi. Kuna kishawishi cha kuiweka namba sahihi ndani ya simu ya mtembezaji, ikiwa imefichwa, ili ihakikiwe papo hapo. Usikubali. Tarakimu nne zina michanganyiko 10,000 tu, na simu ya kawaida huipitia yote kabla hujapepesa jicho. Namba ikija kuonekana si sahihi, programu isiyasimamishe matembezi. Iweke alama ya kutothibitishwa na mwenye mbwa apigiwe simu na mtu, si kutumiwa arifa.

Picha mbili ni za lazima: moja mbwa akiwa ameshafungwa kamba nje ya geti, nyingine akiwa amerudi. Zipunguzwe ndani ya simu kabla ya kutumwa. Upande mrefu uwe pikseli 1,280 na ubora asilimia 70, na picha ya MB 4 itakuwa KB mia mbili au mia tatu hivi. Mtembezaji analipia bando mwenyewe. Programu inayomla bando ataifuta.

Jambo moja la getini haliandikwi kwenye msimbo, lakini lisipoandikwa kwenye maelekezo ya mtembezaji, mtu ataumia. Mbwa wengi wa Arusha ni walinzi: mchana bandani, usiku wanaachiwa uani. Ndani ya ukuta, mgeni ni adui. Kwa hiyo mlinzi amfunge kamba akiwa ndani, amtoe kwa mlango mdogo, na mtembezaji ampokee nje, amesimama kiubavu, bila kumkazia macho na bila kuinama juu ya kichwa chake. Mbwa wengi hulegea wakishatoka kwenye eneo lao. Mkanda wa shingo upishe vidole viwili tu. Ukipisha vinne, mbwa akirudi nyuma kwa nguvu anauvua. Kamba iwe ya mita moja na nusu hadi mbili, isiyo ya kujivuta. Ile ya kujivuta humpa mbwa mita tano za kumfikia bodaboda.

Maswali yanayoleta majibu ya kweli

Fomu nyingi huuliza: "Je, mbwa wako ni mkali?" Swali hili halina faida. Aliyemnunua mbwa kwa ajili ya ulinzi atajibu ndiyo kwa fahari, mwingine atajibu hapana kwa sababu kwake mbwa huyo ni mtoto wa nyumbani. Uliza matukio. Amewahi kumng'ata mtu, na alikuwa nani? Anafanya nini bodaboda ikipita karibu? Akiona ng'ombe? Watoto wa shule wakikimbia? Mara ya mwisho kutoka nje ya geti ilikuwa lini? Nani anamlisha kila siku? Swali hilo la mwisho linakuonyesha nani anapaswa kuwepo siku ya kutambuana, na mara nyingi si mwenye akaunti.

Siku ya kutambuana isirukwe kwa mbwa yeyote, hata awe mpole namna gani. Mtembezaji anakuja, anayemlisha mbwa anashika kamba, wanatembea pamoja dakika kumi, kisha kamba inabadilisha mkono wakiwa bado njiani. Mlinzi anamwona mtembezaji kwa macho, na hiyo inazidi picha yoyote. Programu isiruhusu ombi la kawaida mpaka pande zote mbili ziwe zimebonyeza kwamba zimekubaliana.

Uzito nao uulizwe. Jamani shepadi dume ana kilo 30 hadi 40, na bobo (mbwa mkubwa wa aina ya Boerboel) aliyeshiba anapita kilo 60. Mtembezaji mmoja, mbwa mmoja; wawili pale tu wanapotoka nyumba moja na wamezoea kutembea pamoja. Kuchanganya mbwa wa nyumba tofauti kwenye kamba za mtu mmoja, kama picha za kutoka Marekani zinavyoonyesha, kunahitaji mbwa waliokulia kwenye kundi. Wa kwetu wengi wamekulia bandani peke yao.

Kadi ya chanjo ni sharti. Chanjo ya kichaa cha mbwa ya kwanza hutolewa mbwa akifikisha miezi mitatu, na hapa inarudiwa kila mwaka. Programu ihifadhi tarehe na picha ya kadi, imkumbushe mwenye mbwa siku 30 kabla, na siku ikipita kitufe cha kuomba matembezi kijifunge chenyewe. Pasiwe na "nitaleta wiki ijayo". Kwa binadamu, dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza karibu hakuna anayepona. Mtembezaji naye apewe chanjo ya kinga kabla ya kuanza kazi, dozi mbili, siku ya kwanza na siku ya saba baada yake. Gharama hiyo iwe ya kampuni.

Kitufe cha "Nimeng'atwa" kiwepo kwenye kila ukurasa wa matembezi na kifanye kazi bila intaneti. Maelekezo yake yawe mafupi: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, usilifunge kwa kulibana, nenda hospitali leo hii hata kama jeraha ni mkwaruzo. Chini yake iwepo namba ya kituo ambacho kampuni imeshahakikisha kina chanjo, na uhakiki huo urudiwe kila mwezi kwa kupiga simu. Mbwa aliyeng'ata azuiwe na kuangaliwa kwa siku kumi. Akiwa mbwa wa mtaani aliyetokomea, hakuna cha kusubiri.

Saa 11 ya nani?

Kosa hili litatokea wiki ya kwanza. Mteja wa Kizungu wa Usa River anaandika kwenye maongezi "saa 11", akimaanisha kabla ya mchana. Mtembezaji anafika jioni, mbwa ameshazungushwa na mtoto wa jirani. Dawa yake ni kutomruhusu mtu yeyote kuandika saa kwa mkono. Kichaguzi cha muda kionyeshe namna zote mbili kwa pamoja, "saa 11 jioni (17:00)", na kila meseji ifanye hivyo. Hesabu yake ni nyepesi: chukua saa ya mfumo wa saa 24, ongeza 6, gawa kwa 12, chukua kinachobaki, kikiwa sifuri, andika 12. Kwenye kanzidata muda uhifadhiwe kwa saa ya dunia, na Tanzania iko mbele kwa saa tatu mwaka mzima bila kubadilika.

Vipindi vifuate jua. Arusha jua huzama karibu saa 12 na nusu jioni mwaka mzima, na mitaa mingi haina taa, kwa hiyo matembezi ya dakika 45 ya mwisho yaanze saa 11 na robo. Kati ya saa 5 asubuhi na saa 9 alasiri lami inaunguza nyayo. Ukiweka kiganja juu ya lami na usiweze kuvumilia sekunde saba, mbwa hawezi pia. Vipindi hivyo visionekane kabisa kwenye programu. Mvua iwe na kitufe chake, maana masika ya Machi hadi Mei na vuli ya mwisho wa mwaka hazisubiri sera ya kughairi: ikinyesha kabla ya makabidhiano, kipindi kinahamishwa bila malipo, ikinyesha baada yake, mtembezaji analipwa yote.

Sasa ramani

Matembezi ya dakika 45 kwa mwendo wa kilomita 4 hadi 5 kwa saa ni kama kilomita 3 na ushee. Ukichukua nukta ya GPS kila sekunde 5, unapata nukta 540. Kila nukta ikiwa baiti 40, jumla haifiki KB 22. Uzito wa data si tatizo kabisa. Betri na usahihi ndiyo matatizo.

Simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa hapa huja na msimamizi wa betri anayeua programu yoyote skrini ikizima. Mtembezaji anaweka simu mfukoni, dakika mbili baadaye mstari unakatika, mwenye mbwa anapiga simu kwa hofu. Tumia huduma ya mbele ya Android, ile inayoweka arifa ya kudumu juu ya skrini, na uitangaze kuwa ya aina ya mahali. Android 14 inalazimisha tangazo hilo. Ukiianzisha wakati programu iko wazi mbele ya mtembezaji, ruhusa ya "wakati wa kutumia programu" inatosha, na hulazimiki kuomba ruhusa ya mahali muda wote, ambayo Google huikagua kwa ukali. Kisha siku ya mafunzo, kaa na kila mtembezaji umwondolee programu kwenye orodha ya kubana betri, simu kwa simu. Hakuna njia ya mkato.

Kuhusu usahihi, tupa nukta yoyote ambayo simu yenyewe inakiri kukosea zaidi ya mita 25. Usihesabu umbali pale hatua mpya ni fupi kuliko kosa linalokiriwa, la sivyo mtembezaji aliyesimama chini ya mwembe dakika kumi ataonekana amezunguka mamia ya mita papo hapo. Mwendo ukizidi kilomita 12 kwa saa kwa dakika nzima, huyo amepanda kitu. Programu imuulize kuna nini kabla ya kumhukumu, kwa kuwa huenda anamkimbiza mbwa kwa daktari.

Njia zichaguliwe na watu, zisiachiwe kompyuta. Kila mtaa uwe na njia mbili au tatu zilizotembelewa kwa miguu na kuandikwa: wapi kuna mbwa wazururaji, wapi ng'ombe hupitishwa jioni, wapi shule hutoa watoto saa ngapi. Kuna majirani wanaoogopa mbwa, na kuna Waislamu ambao kwao mate ya mbwa ni najisi, akiguswa inabidi ajitwaharishe kabla ya swala. Njia isipite mbele ya msikiti nyakati za swala, na kamba ifupishwe kila mtu anapopishana na mbwa. Heshima hii ndiyo itakayofanya mtaa uikubali huduma.

Kuhusu anwani, mteja aweke alama ya geti kwenye ramani, kisha kuwe na uga wa maelezo: "Njiro Blok C, geti jeusi, mkabala na duka la dawa". Watembezaji husoma maelezo hayo kwanza. Kabla ombi halijakubaliwa, mtembezaji aonyeshwe eneo tu: latitudo na longitudo zilizokatwa kwenye desimali mbili, yaani kama kilomita moja. Desimali tano humfikisha mtu kwenye geti lenyewe kwa kosa la mita moja. Programu hii inajua nyumba zipi hazina mwenyewe saa ngapi, na nyumba zipi mbwa wake ametoka. Taarifa hizo ni hazina kwa mwizi. Nukta za matembezi zifutwe baada ya siku 90, ubaki umbali na muda tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, hivyo jambo hili lipangwe mapema.

Fedha

Hifadhi shilingi kama namba nzima, bila senti. Namba ya simu igeuzwe kuwa ya 255 kabla ya kuhifadhiwa. Usibashiri mtandao kwa tarakimu za mwanzo: tangu 2017 mtu anaweza kuhama mtandao na namba yake, kwa hiyo mwache achague mwenyewe.

Ombi la malipo likitumwa kwenye simu ya mteja ili aweke namba ya siri, lina matokeo manne: amelipa, amekataa, muda umeisha, na haijulikani. La nne ndilo huzaa ugomvi. Mteja amelipa, jibu la mtandao limechelewa, programu inamwambia ajaribu tena, analipa mara mbili. Kila ombi liwe na kumbukumbu yake ya kipekee, seva iulize hali ya kumbukumbu hiyo kabla ya kuruhusu jaribio jipya, na jibu likija mara mbili la pili lisifanye lolote.

Tuchukue mfano wa matembezi ya shilingi 10,000 na kamisheni ya asilimia 15. Mtembezaji anabaki na 8,500, kampuni na 1,500, na ndani ya hizo kuna meseji mbili, ada ya kupokea na ada ya kulipa. Ukilipana kwa kila tembezi, ada zinakula kila kitu. Uza vifurushi vya matembezi 8 au 12, na walipe watembezaji mara mbili kwa wiki. Lakini kifurushi ni fedha ya mtu ambayo hujaifanyia kazi. Zikae kwa mtoa huduma ya malipo mwenye leseni ya Benki Kuu chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya mwaka 2015, zisikae kwenye akaunti yako.

Baada ya tembezi la tatu, mwenye mbwa na mtembezaji watabadilishana namba. Kuficha namba hakusaidii watu wanaoonana getini kila siku. Kinachosaidia ni kamisheni inayoshuka, mathalani asilimia 20 kwa matembezi matano ya mwanzo kisha 8 kwa mbwa yuleyule, pamoja na vitu ambavyo wawili hao hawawezi kujipatia: mtembezaji wa akiba ambaye mbwa ameshamzoea, ukumbusho wa chanjo, na chanjo ya mtembezaji mwenyewe.

Mtaa mmoja

Asubuhi ina nafasi ya matembezi mawili, jioni mawili. Manne kwa siku, kwa mfano wetu, ni shilingi 34,000, na hiyo ni kama mtembezaji anakwenda geti hadi geti kwa miguu. Ukimpa mbwa wa Sakina kisha wa Njiro, nauli ya bodaboda na foleni vinamnyang'anya tembezi zima. Kwa hiyo mpangilio wa kugawa kazi utazame kwanza umbali, usiozidi kilomita moja na nusu kati ya geti na geti, kisha mazoea ya mbwa na mtembezaji. Nyota tano zisiwepo kabisa. "Ametembea na mbwa huyu mara 14" inamweleza mwenye mbwa mengi zaidi.

Watembezaji waje na namba ya NIDA, barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa na wadhamini wawili wanaofikika. Wanaotoka mtaa uleule wana faida kubwa: walinzi tayari wanawajua.

Moshi inahitaji mipangilio yake. Mji uko chini kuliko Arusha na joto lake ni kali zaidi, kwa hiyo kipindi cha asubuhi kifungwe saa 3. Mtaa wa Shanty Town unafaa kuanzia kwa sababu ya miti yake.

Google Play hutaka akaunti mpya ya mtu binafsi ifanye majaribio ya kundi teule (closed testing) na watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuruhusu programu kutoka. Usiwajaze marafiki wa mafundi. Weka watembezaji wenyewe na simu zao za kila siku, na wenye mbwa wachache wa mtaa mmoja. Walinzi hawahesabiwi kwa sababu hawasakinishi chochote, ila chagua watatu wenye vitochi, uwatumie namba za makabidhiano halisi, na umuulize kila mmoja meseji ipi hakuielewa.